Mguu Usiokandwa

Wapo watu huku kwetu wanaosema wifi yangu Hawa alimuua mkwe wake kwa mikono yake. Niliwasikia kwa masikio yangu sokoni, wamekaa juu ya magunia ya viazi wanatafuna muwa pamoja na jina la mtu. Nikawasogelea nikawaambia, kama lazima mseme, semeni vizuri. Hawa hakumgusa yule binti hata kwa ncha ya kidole. Tangu alipojifungua mpaka siku ile ya Magoma hakumgusa, na hilo ndilo linalotuua sisi tuliobaki.

Mimi ni Saumu. Marehemu Abdallah, mume wa Hawa, alikuwa kaka yangu, tumbo moja, ziwa moja. Nilipoachika nilirudi hapa nyumbani kwa baba yetu, huku juu milimani Kwai, nikajengewa chumba upande wa pili wa uwanja. Tangu hapo mimi na Hawa tunapika jiko moja na tunagombana jiko hilo hilo. Mimi ni mtu wa maneno, sijifichi. Yeye ni mtu wa kimya. Ukimtukana anakutazama, halafu anakuuliza kama umekula. Sasa mtu wa namna hiyo utagombana naye vipi?

Hawa ni mkandaji. Anachua vifundo vilivyoteguka, anakanda migongo ya wabeba kabichi, lakini kazi yake hasa ni wazazi, wanawake waliotoka kujifungua. Maji ya moto, kitambaa, mafuta ya nyonyo. Anaanza na tumbo, anashuka kiunoni, anamalizia miguuni, kisha anamfunga mkaja tumbo likaze. Yule mama akitoka hapo analala usingizi ambao hakuupata miezi yote ya mimba. Watu walikuwa wanamfuata kutoka Soni na kwingineko, wengine wanateremshwa na bodaboda mlangoni, na yeye hakuwahi kumrudisha mtu.

Sasa nieleze jambo moja la ukoo wetu, maana bila hilo hamtaelewa kitu. Kwetu, mke akizaa mara ya kwanza hakandwi na mtu baki. Anakandwa na mama mkwe. Na mjue kwamba mama mkwe na mkwe huoneana haya. Mkwe akiwa ameinama anafua, mama mkwe anapita upande mwingine. Chumbani kwake haingii, kitanda chake hakikalii. Ni siku zile za uzazi tu ndipo haya inawekwa kando. Mama mkwe anaingia, anafunga mlango, anamfunua mkwe wake, anaweka mikono miwili juu ya tumbo. Mikono ikishawekwa, maneno yamekwisha, kilichotoka humo ni chetu. Na mama mkwe akiwa yupo, mzima wa afya, halafu asiingie, basi naye amesema. Hana haja ya kufungua mdomo. Mke wa binamu yetu mmoja alisubiri mikono hiyo mpaka akachoka, akafunga mizigo yake akaondoka na kichanga mgongoni, na hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi. Nilikuwa mdogo lakini niliona.

Sheria ilikuja kwa kifo. Kijiji kimoja cha bondeni, mama mmoja alikandwa baada ya kujifungua, akafa siku hiyo hiyo. Mkandaji wake, kikongwe wa watu, akachukuliwa na polisi. Haukupita muda wakandaji wote wakaitwa mkutanoni, wa vijijini na hata wale wasichana wanaofanya masaji kwa wageni kwenye mahoteli ya Lushoto mjini. Nilimsindikiza Hawa, na sitasema uongo, nilifuata pia wali wa mkutano.

Afisa aliyekuja aliitwa Nathanaeli. Kijana mrefu, mpole, shati limechomekewa vizuri, aliwaamkia shikamoo vikongwe mmoja mmoja mpaka mkutano ukachelewa kuanza. Akasema kukanda sasa ni taaluma kama taaluma nyingine. Kila mkandaji atasajiliwa, atafundishwa, atapewa kibali, na kabla ya kibali asimguse mtu. Akimgusa amevunja sheria.

"Sheria ni msumeno, mama zangu," akasema. "Hukata mbele na nyuma."

Bibi mmoja akauliza, "Na mgongo wa mume wangu je?"

"Mumeo ni mali yako, bibi, mkande tu," akajibu, na ukumbi mzima ukacheka.

Wakataka kiongozi wa wakandaji wa tarafa yetu. Kila kidole kikamwelekea Hawa. Akasimama, mtandio umemteleza begani, mtu ambaye hata harusini hasemi. Akasema, "Wenzangu, tumesikia. Mikono chini mpaka vibali vije. Mimi wa kwanza." Wakaitikia wote. Wakala wali wao, wakarudi makwao, na kesho yake wakaendelea kukanda milango ikiwa imefungwa. Kila mtu alijua, mwenyekiti wa kitongoji alijua, mke wake mwenyewe alikandwa. Aliyeweka mikono chini ni mmoja tu.

Msidhani alikuwa anaogopa jela. Yalipokuja mafunzo, nesi mmoja anayeitwa Klara aliwafundisha mambo mengi, na moja Hawa alirudi nalo uso umebadilika. Tulikuwa jikoni, mimi nasonga ugali. Akanivuta mguu, akanishika shavu la mguu kwa nyuma.

"Mguu mmoja ukivimba na mwingine haukuvimba," akasema, "ukawa wa moto, ukauma hapa. Mzazi akiwa na mguu wa hivyo, haukandwi, wifi. Humo damu imeganda. Ukiikanda inapanda kifuani inaziba pumzi. Huo ni wa hospitali, na ni wa haraka."

"Haya, nimesikia. Niachie mguu, ugali unaungua."

Hakuniachia. "Ndicho kilichomuua yule mama wa bondeni. Wifi, mimi nimekanda miguu mingapi? Wangapi walikwenda kufia kwao mimi nikapeleka ubani?"

Nikamwambia hakuna aliyefia mikononi mwake, mimi ningejua. Akatikisa kichwa. Jioni ile alichukua chupa yake ya mafuta ya nyonyo akaiweka juu ya kabati, nyuma ya masufuria ya shughuli. Akasema ataishusha kibali kikija.

Wakati huo mkwe wetu Ilham alikuwa na tumbo kubwa. Idrisa, mtoto wa pekee wa Hawa, ni dereva, anapeleka mboga Dar es Salaam, karoti na hoho na kabichi. Ilham mwenyewe Idrisa alimpata huko chini Magoma, alikokuwa anapakia mchele. Baba yake binti alikuwa kibarua wa mashamba, mtu wa kutoka mbali, mama alikufa mapema, akalelewa na mama mdogo wake, Sharifa. Idrisa alituletea binti mwembamba, mcheshi, asiyejua Kishambaa hata neno. Wiki ya kwanza niliongea naye Kishambaa makusudi nimwone atafanya nini. Akaitikia kila kitu "ee shangazi, ee shangazi," mpaka nikamwambia kwa Kishambaa kwamba amevaa nguo nje ndani, akaitikia "ee shangazi." Nikacheka mpaka nikakaa chini. Nilipomfasiria akacheka kuliko mimi. Kuanzia hapo nikampenda.

Lakini watu wana vidole vya kuhesabia. Mimba ilionekana mapema. Wakahesabu miezi tangu nikahi, wakahesabu safari za Idrisa, wakasema tumbo lile ni kubwa kuliko ndoa. Mimi nilimpasha mmoja kisimani akaondoka na ndoo nusu. Maneno lakini hayafi kwa kupashwa. Ilham aliyasikia. Siku moja tunachambua maharage akaniuliza, bila kuinua uso, "Shangazi, ni kweli kwenu mama mkwe ndiye anayekanda?"

"Ni kweli."

"Basi wataona," akasema. "Mama akiingia kwangu wataona wote."

Hilo ndilo alilokuwa analisubiri. Si kanga, si mbuzi wa akika. Alikuwa anasubiri mlango ufungwe na Hawa akiwa ndani.

Akajifungua salama hospitalini, mtoto wa kike. Wakampa jina Amina, la mama yetu mimi na Abdallah. Idrisa akashinda nyumbani siku chache akichekacheka ovyo, kisha tajiri wake akamwita, akaondoka na gari. Tukabaki wanawake watupu.

Asubuhi ya kwanza Hawa alichemsha maji. Akatia majani, akapima joto kwa kiwiko, akabeba ndoo mpaka mlangoni kwa Ilham. Mimi nilikuwa uwanjani nafunga mafungu ya vitunguu. Majirani wawili walikuwa wamekuja kuleta uji, nao wamesimama, macho yote mlangoni. Hawa akaweka ndoo kizingitini. Akabisha hodi, akarudi nyuma.

"Mama, huingii?" Ilham akauliza kutoka ndani.

"Kibali bado hakijatoka, mwanangu. Jikande mwenyewe kwa kitambaa, taratibu. Anza na tumbo."

Kitanda kikalia mle ndani. Kisha Ilham akasema, kwa sauti ya adabu kabisa, "Jirani hapo alikandwa jana, mama. Nilimsikia."

"Aliyemkanda amevunja ahadi yake," Hawa akasema.

"Sawa, mama."

Wale majirani wakatazamana. Nikajua kabla hawajafika njia panda habari itakuwa imefika Lushoto. Walipoondoka nikamvamia Hawa jikoni. Nikamwambia yote. Nikamwambia, wifi, sheria hiyo haina macho ya kuona ndani ya chumba cha mkweo. Nikamwambia, unajua watu wanasema nini kuhusu tumbo la yule binti, na leo umewapa muhuri. Ingia umkande. Nani atakushtaki, mimi?

"Niliwaambia wenzangu mikono chini," akasema. "Nilisimama mbele yao. Leo nimkande wangu kwa sababu ni wangu, nitawaambia nini?"

"Wenzako wanakanda mchana kweupe."

"Najua."

"Basi mweleze binti, akuelewe."

"Nimemweleza. Umesikia."

Kumweleza kwenyewe ndiko kule, kwa maneno ya mlangoni. Kwa Hawa neno moja la kweli linatosha, hajui kuzunguka. Na hapo ndipo tulipokosea sisi watu wa hapa, maana pale ambapo kila mtu anavunja sheria kimyakimya, anayeifuata anaonekana anatafuta kisingizio. Ilham alisikia "kibali" akaelewa "sikutaki." Ningekuwa mimi ningeelewa vivyo hivyo.

Na Hawa alimtaka, jamani. Alifua nepi za Amina kwenye maji ya baridi ya Kwai mpaka vidole vikapasuka. Alichinja kuku wake wote watagaji. Kila asubuhi ndoo kizingitini, kila jioni ndoo kizingitini, uji wa pilipili manga, supu. Mtoto analetwa nje anamkanda yeye mwenyewe, maana alisema hata sheria haiwezi kumkataza bibi kumpaka mjukuu mafuta. Anamnyoosha vijikono, anamsuguasugua mgongo, mtoto anajinyoosha. Ilham alikuwa anatazama hayo dirishani. Sijui alikuwa anawaza nini. Labda aliona kwamba mtoto anapakwa mafuta ya dukani, ya watoto, na chupa ya nyonyo iko pale pale juu ya kabati.

Mara mbili Hawa alimpigia simu Bwana Nathanaeli. Mara zote alijibiwa kwa heshima, kwamba vibali viko njiani, vinasubiri saini. Mara ya pili alimwambia, "Mwanangu, nina mzazi ndani." Yule kijana akamwambia avumilie kidogo tu. Ngojangoja huumiza matumbo, wahenga walisema, nami nilimwambia Hawa hivyo, akaniuliza kama nimekula.

Ilham akaanza kunyamaza. Akicheka anacheka mdomo tu. Baridi ilikuwa imeshika, ukungu hauondoki mpaka adhuhuri, na yeye alikuwa anakaa kitandani amejifunika blanketi kuanzia kiunoni. Nikiingia anafunika vizuri zaidi. Asubuhi moja nilimwona anakwenda msalani anachechemea.

"Una nini?"

"Ganzi tu, shangazi. Nimekaa sana."

Nikasema uzazi ndivyo ulivyo, nikaenda zangu sokoni.

Nilirudi mchana. Hawa alikuwa anachambua mboga uwanjani. Tukasemezana mambo ya bei za hoho, nikasema yule mtu wa hoho mwizi, kisha nikasema tu, kama mtu anavyosema, "Na mkweo leo anachechemea."

Mikono ya Hawa ikasimama. "Mguu gani?"

"Wa kushoto."

"Mmoja?"

Hakungoja nijibu. Nilimwona wifi yangu, mtu wa haya, mtu asiyewahi kukanyaga chumba cha mkwe wake, anasukuma ule mlango bila hodi. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri. Ndoo ya asubuhi ilikuwa pembeni, maji yamepoa, kitambaa hakijaguswa. Ilham hakuwepo, wala mtoto. Arobaini haijafika, mzazi hatoki hata kuota jua, naye ametoka. Mtoto wa jirani akasema alimwona akipanda bodaboda na begi.

Tulipiga simu yake haikupatikana. Tukapiga ya Sharifa, mama mdogo wake wa Magoma, haikupatikana pia. Hawa akakimbia, kwa umri ule, mpaka kwa Mathayo, jirani yetu mwenye gari la kubeba maziwa. Mathayo hakuuliza kitu. Akashusha madumu barabarani, akatupakia.

Tukateremka mpaka Mombo. Kona baada ya kona, mimi nashika dashibodi nasoma kila dua ninayoijua. Tulipofika bondeni joto likatupiga, hapo ndipo Hawa akafungua mdomo. "Sharifa anajua kukanda?" akaniuliza. Nikasema kila mwanamke wa umri wetu anajua kidogo. Akafumba macho.

Tulifika Magoma jua linaanza kulegea. Tukaelekezwa nyumba. Sharifa alikuwa kibarazani, mwanamke mnene, mwema usoni, anajifuta mikono kwa khanga, na mikono inang'aa mafuta. 

Ilham alikuwa ndani, juu ya mkeka, ameegemea ukuta, ana bakuli la uji. Alituona akataka kuinuka kwa heshima.

"Shikamoo mama. Shikamoo shangazi."

Hawa akapiga magoti mbele yake. "Amekukanda mguu?"

"Amenikanda wote, mama. Ulikuwa unauma, sasa umepungua." Akatazama chini. "Nisamehe nimetoka bila ruhusa. Nilitaka kukandwa tu. Nilitaka na mimi nikandwe."

 Hawa aligeuka akamwita Mathayo, nami nikasikia sauti yake ikipanda kwa mara ya kwanza tangu aolewe kwetu. Tukamweka Ilham nyuma ya gari, kichwa mapajani kwa Hawa, mguu umenyooshwa. Sharifa akapanda mbele anauliza kuna nini, kuna nini, jamani mbona mnanitisha. Mimi nilimpakata Amina.

Tulikuwa katikati ya mashamba ya mkonge tunaelekea hospitali Korogwe pale Ilham alipoanza kuvuta pumzi kwa shida. Akashika khanga ya Hawa.

"Mama," akasema, "mtoto ni wa Idrisa."

"Najua, mwanangu. Nilijua siku zote. Mimi sikukukataa. Nisikie, Ilham. Sikukukataa."

Alikuwa anamtazama Hawa machoni, lakini sijui kama alisikia. Nimemwambia Hawa kwamba alisikia. Mara nyingi nimemwambia. Mathayo alikanyaga mafuta gari likalia, vumbi likaingia madirishani, na kabla hatujafika lami Ilham alikuwa ameshatuacha. Hawa aliendelea kusema sikukukataa mpaka getini kwa hospitali.

Vibali vilikuja, msidhani havikuja. Bwana Nathanaeli alivileta mwenyewe wiki ya matanga, cha Hawa kimewekwa kwenye bahasha safi. Alikaa kwenye mkeka na wanaume, akaambiwa ilivyokuwa, akatoka nje akaegemea mgomba akalia, kijana wa watu. Mimi nilikuwa nimemwandalia maneno yake. Nilikuwa nimeyanoa. Nilipomwona vile nikashindwa, maana kosa lake ni lipi? Habari ya mguu ule ni wao waliotufundisha. Bila ule mkutano Hawa angeukanda mwenyewe, kwa mikono yake, kwa mapenzi yote, na Ilham angekufa kwenye kitanda chake hapa hapa Kwai. Na bila katazo lao Hawa angemfunua kila asubuhi na kila jioni, angeuona siku ulipoanza kuvimba. Walimpa macho, wakamfungia mlango. Huwa nayapanga hayo, nayapangua, na hasira yangu haipati pa kukaa. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo wasemavyo, lakini yule binti hakuwa anaficha maradhi, alikuwa anaficha fedheha.

Idrisa alirudi, akazika mke, na tangu hapo anaendesha gari hata siku zisizo na mzigo. Mama yake anamsalimia, anaitikia. Hawa anakanda, kibali kimetundikwa ukutani, na mzazi akiingia anaambiwa aweke miguu yote miwili hadharani kwanza. Amina anakua.

Nimeruka kuosha. Nimeruka makusudi, maana pale sipapendi, lakini bila hapo sijasema kitu.

Ilham tulimleta huku juu, azikwe kwa mumewe. Asubuhi maiti imelazwa chumbani kwake, imefunikwa shuka, wanawake wamejaa uwanjani. Wale wale wa uji walikuwepo, na wale wa kuhesabu miezi. Mwoshaji wetu wa kitongoji akauliza nani atamsaidia. Hawa akasimama. Akasema, "Nitamwosha mimi."

"Wifi, utaweza?" nikamwuliza.

"Ni mkwe wangu," akasema. "Ni mzazi wa kwanza wa nyumba yangu."

Akaingia. Mlango ukafungwa, na mimi nilikuwa ndani kumwagia maji, na Sharifa, aliyekuwa hata kusimama hawezi. Sharifa alikuwa anarudia maneno yale yale, mimi ndiye niliyemuua, mimi ndiye niliyemuua. Hawa akamshika bega. Akamwambia, "Wewe hukujua. Mimi nilijua."

Kisha akapandisha mikono ya gauni. Maji alikuwa ameyachemsha mwenyewe, akayapoza, akapima joto kwa kiwiko. Nilitaka kumwambia, wifi, haina haja tena, nikashika kata yangu tu. Akapitisha mkono chini ya shuka, akauweka juu ya tumbo la Ilham. Maiti hukamuliwa tumbo kidogo, polepole, ndivyo dini ilivyotuelekeza. Hawa alifanya hivyo. Ila alipomaliza hakuondoa mikono. Aliiacha pale yote miwili, kichwa ameinamisha, mpaka mwoshaji akanitazama mimi, nami nikamwashiria asubiri. Nje niliwasikia wanawake wamenyamaza. Walijua Hawa yuko ndani na mlango umefungwa.

Tukaosha kulia kwanza, kichwa, bega, mkono, ubavu, mguu. Mikono ya Hawa ilikuwa inateleza vile vile inavyoteleza kwa walio hai. Kisha tukaja kushoto. Bega, mkono, ubavu. Tulipofika mguuni nikafunua shuka kidogo, na ule mguu ulikuwa bado umevimba, umepita mwenzake. Hawa akasimamisha mikono hewani.

"Sugua, wifi," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Sasa hauna neno."

Akatikisa kichwa.

"Huu haukandwi," akasema.

Akachukua kata mkononi mwangu, akaumwagia maji tu, taratibu, kutoka gotini kushuka, bila kuugusa, na maji yalipokwisha akaniomba mengine.